Rangi ya Kijani Juu ya Kiamuturi

Ngatia alikuwa mtu wa kuchonga penseli. Kila asubuhi pale ofisini Nyeri, kabla hatujapakia vyombo kwenye Landrova, alichonga penseli zake za rangi kwa wembe, moja baada ya nyingine, nami nimesimama mlangoni na ufunguo mkononi nikisaga meno. "Twende, bwana, jua linatuacha!" Yeye wala hainui kichwa. "Ngoja kidogo, Abdulkadir. Penseli butu hupaka mahali si pake." Basi ningefanya nini? Nilingoja. Nilimngoja miaka kumi na minne.

Mimi nilikuwa dereva wake. Nimezaliwa Majengo hapa hapa Nyeri, na Kikuyu nakijua tangu utotoni kama watu wote wa mtaa wetu. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani haya nimeyasikia kwa wapita njia. Maneno ya Ngatia na dada yake, waliosemezana Kikuyu siku zote, niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili. Na hasira zangu ziko karibu, mke wangu Subira atakwambia, kwa hiyo nikianza kufoka katikati ya habari hii unisamehe. Ngatia nilimpenda. Ndiyo maana bado nina hasira naye.

Kazi yetu ilikuwa kuitazama ardhi ya watu na kusema inafaa nini. Kila nusu maili tulisimama. Ngatia aliteremka na chuma chake kirefu chenye ncha ya kujipinda, akakizungusha mpaka kikazama kiunoni, akatoa udongo wa chini, akausugua kwa vidole, akaunusa. Halafu akaweka kidogo kwenye kisahani cheupe na kudondoshea dawa. Dawa ikigeuka rangi ya chungwa, udongo ule ni mchachu na chai itaupenda. Ikigeuka samawati, chai haiutaki hata uibembeleze. Yote hayo aliyaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wa kike kabisa, mdogo na safi.

Tukirudi ofisini ndipo kazi yenyewe inaanza. Alikuwa na meza ya kioo yenye taa chini yake. Hapo alilaza karatasi nne laini za kuonyesha chini, zote za eneo moja: ya kwanza imechorwa kimo cha nchi, ya pili mvua, ya tatu miteremko, ya nne udongo tuliouchimba. Alizipanga moja juu ya nyingine mpaka mito ikalaliana sawasawa. Mahali ambapo karatasi zote nne zilikubaliana, hapo alipaka kijani. Kijani maana yake chai itastawi. Mahali pengine palipakwa njano, na mwenye njano akatafute zao lingine.

Usiione ni rangi tu. Ilikuwa mwaka wa sitini na nne, Uhuru mbichi, na kila mwenye kipande juu ya Othaya alitaka chai. Ofisi ya chai haikutoa mche hata mmoja kwa mtu ambaye ramani haikumpa kijani. Wazee walikuja na kuku mkononi. Ngatia aliwarudishia kuku wao na kuwapa chai ya maziwa, akawaambia udongo hauli kuku. Nilijivunia mtu huyo, wallahi. Nilikuwa nikisema Majengo nzima kwamba nchi ikipata Ngatia kumi itanyooka.

Alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, dada yake Wachuka, mkubwa wake kwa miaka sita, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Watu wote walimwita Mama Wamae, nami nikamwita vivyo hivyo. Aliishi Kiamuturi, mgongo mmoja mrefu juu ya Othaya, tambarare huku juu na mteremko mkali ukishuka mtoni. Siku ya kwanza aliponikaribisha uji, mimi na domo langu nikauliza, "Na Wamae mwenyewe yuko wapi, shuleni?" Ngatia akatazama chini. Mama Wamae akanijibu kwa Kiswahili chake cha huko, bila kubadilisha uso: "Huyo alikufa. Alikuwa na miaka nne. Kunywa uji, itapoa."

Baadaye Ngatia alinieleza. Wakati wa hali ya hatari serikali ya wakoloni iliwatoa watu wa Kiamuturi kwenye mashamba yao na kuwasukumia kwenye kijiji kimoja pale pale juu tambarare, nyumba za mviringo kwa mistari, handaki kuzunguka, askari langoni. Watu walikaa humo miaka mitano. Surua ikapita, na njaa, na Wamae akaenda na hayo. Baba yake hakurudi kutoka kizuizini. Kijiji kilipobomolewa na mashamba kugawanywa upya, sehemu ya mume wa Wachuka ikaangukia hapo hapo kilipokuwa kijiji, pamoja na ule mteremko wa mtoni.

Na hapo ndipo shida ilipoanzia. Shemeji yake Wachuka, Mutahi, ndugu wa marehemu mumewe, alilitaka shamba. Alisema mjane asiye na mtoto wa kiume atalifanyia nini? Wazee wa ukoo wakakaa, wakabishana siku mbili, wakakata hivi: Mama Wamae apewe miaka mitatu tangu siku ya kupanda. Akisimamisha eka moja ya chai ikakubaliwa na ofisi, shamba liandikwe jina lake. Isiposimama, shamba liende kwa Mutahi, na mjane arudi kwao. Kwao wapi? Kwao kulibaki chumba kimoja cha kupanga Nyeri, chumba cha Ngatia. Mwanamke aliyezika mume bila maiti na mtoto bila sanda sasa aambiwe arudi kwao! Nilipoyasikia nilitaka kwenda kumtafuta huyo Mutahi mwenyewe. Ngatia akasema, "Wacha. Chai itasimama."

Mwezi huo huo akaja ofisini Theuri, mwalimu wa chai, kutuelezea mambo ya zao hilo. Nakumbuka alivyosema, kwa sababu nilishangaa. "Mahali palipokuwa na nyumba na jiko, msiniletee mche. Majivu ya miaka yanaharibu udongo kwa chai. Mche unakaa mwaka, unageuka njano, unakufa. Ukijua palikuwa na boma, tia alama kwenye ramani." Nikamuuliza, "Majivu? Si ndiyo mbolea ya maharagwe?" Akacheka. "Ya maharagwe na ya ndizi, ndiyo. Ya chai ni sumu." Kila mwanamke wa nchi hii humwaga majivu yake shambani na kuomba baraka. Nani angejua?

Siku chache baadaye Ngatia alikuwa anatazama picha za ndege, zile zinazopigwa kutoka juu. Alikuwa na kioo cha macho mawili. Ukiweka picha mbili sambamba na kuchungulia, vilima vinainuka kama vitu vya kushikwa. Akatoka kwenda kujaza maji, nikachungulia. Nikaona Kiamuturi. Na pale juu tambarare nikaona maduara meupe, mistari kwa mistari, kama sahani zilizopangwa juu ya meza ya arusi.

"Ngatia, hizi ni nini?"

Alirudi haraka, akaziondoa picha chini ya kioo. "Ni nyumba za kile kijiji. Majivu."

"Basi si ndiyo yale ya Theuri? Hutatia alama?"

"Tumechimba wapi Kiamuturi?" akaniuliza. Nikamwambia, chini mtoni, kwenye yale magugu ya majani kama manyoya, ndipo nusu maili ilipotufikisha. "Na dawa iligeuka nini?" Nikasema chungwa. "Basi. Ramani inaandika shimo linavyosema. Na mvua imeshaosha majivu, Abdulkadir. Miaka minne ya mvua za huku! Nikitia alama zote hizi, ofisi itakataa shamba zima, na Mutahi atahamia kesho." Akaketi, akachukua penseli ya kijani, akapaka Kiamuturi yote, juu na chini, mpaka ukingoni. Nilijiambia mimi ni mtu wa usukani, penseli si zangu.

Mvua ndefu za sitini na tano zilipoanza, tulimpelekea miche kwa Landrova ya serikali, Mungu atusamehe. Mama Wamae alikuwa ameshavaa kanga kiunoni, ana jembe begani, anacheka kama msichana. Akamwuliza ndugu yake: "Wewe ndiye mwenye ramani. Nipande wapi, huku juu au kule chini kwenye magugu?"

Sikia swali hilo vizuri. Kibali chake kilikuwa cha eka moja tu, naye alikuwa na zaidi ya mbili. Kule chini udongo ulikuwa mchachu, tulikuwa tumeupima wenyewe. Neno moja tu lilitosha.

Ngatia akasema, "Yote ni kijani."

"Basi nitapanda juu," akasema yeye. "Hapa kuna mafuta. Mahindi ya hapa yananipita kichwa." Akachimba shimo la kwanza. Nilimtazama Ngatia, akatazama mlima.

Mwaka wa kwanza chai ilishika. Mama Wamae aliipalilia kama anayemchana mtoto nywele, na Jumapili akitoka kanisani hupitia hapo na viatu vyake mkononi. Mutahi alikuwa akisimama njiani kutazama, halafu anaenda zake bila kusalimu. Mimi nikaanza kuamini kwamba kweli mvua iliosha, na nikamwona Theuri mwongo.

Tulifika tena baada ya mvua fupi za sitini na sita. Miche mingi ilikuwa imegeuka njano, majani yamekunjika, mingine imekauka kabisa. Na Mama Wamae alikuwa katikati yake na karai kichwani. Akaliteremsha, akachota kwa mikono miwili, akaanza kumwaga kwenye shina la kila mche, polepole, asimwage nje. Ilikuwa majivu. Majivu ya jiko lake, na ya majirani aliowaomba.

"Iko na njaa," akaniambia mimi, akipangusa uso. "Ati mimi nailisha, itapona. Wewe unaonaje, dereva?"

Nilimgeukia Ngatia. Alikuwa amesimama kama kigingi. Nikamkanyaga mguu, wallahi nilimkanyaga na kiatu. Akasema, "Dada, usichoke sana." Hayo tu. Dada yake alipokwenda kutuletea maziwa, Ngatia akachota udongo, akatia kwenye kisahani, akadondosha dawa. Ikawa samawati, samawati ya kanzu ya sikukuu. Akamwaga haraka na kusugua kisahani kwa nyasi.

Njiani nilisimamisha gari ghafla mpaka vyombo vikagongana nyuma. Nikamfokea. Nilimwita majina ambayo sitayarudia, mimi ni mzee sasa. "Dada yako anaua chai yake kwa mikono yake mwenyewe na wewe unamwambia asichoke! Kuna nini? Mwambie! Bado ana mwaka na nusu, ang'oe, apande kule chini!"

Halafu akasema, "Nikimwambia habari ya majivu, ataniuliza nimejuaje kila nyumba ilipokuwa. Nitamwambia nimejuaje?"

"Picha ya ndege, si ndivyo?"

"Sikuhitaji picha." Akatazama mikono yake. "Kijiji kile nilikipima mimi, Abdulkadir. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka shule, nimeandikwa kazi ya kushika mnyororo wa kupimia. Wakaniambia leo ni Kiamuturi. Nilivuta kamba, nikapiga vigingi, nyumba hii hapa, nyumba hii pale, hatua kumi na mbili kati yake. Hata nyumba aliyofia Wamae, kigingi chake nilikipiga mimi. Ndiyo kazi yangu ya kwanza. Dada hajui."

Hasira ikaniisha yote kwa mara moja. Nikamwambia, "Ulikuwa umelazimishwa." Akasema ndiyo, lakini aliupenda ule mnyororo. Alijifunza hapo kupenda kupima. Akalia kidogo, mtu mzima, nami nikajifanya natazama maji ya injini.

Lakini nilimwambia siku ile, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata: sema. Alisema atasema Krismasi. Krismasi ikaja, akampelekea sukari na blanketi. Alisema atasema mvua ikinyesha. Mvua ikanyesha, Mama Wamae akajazia miche mipya mahali pa iliyokufa, juu kule kule, na majivu juu yake. Mimi mwenyewe ningeweza kusema. Nilifika mara moja peke yangu, nikamkuta amepiga magoti shambani anaongea na chai, nikaondoka bila kusema. Kwa hiyo nikimlaumu Ngatia ujue najilaumu na mimi.

Miaka mitatu ikatimia, sitini na nane, mwezi wa nne. Wazee wa ukoo wakaja kuangalia, na Mutahi, na Theuri wa ofisi ya chai. Tulikuwepo. Walisimama kwanza mgongo wa pili, ng'ambo ya mto, ili waone shamba lote kwa pamoja. Katikati ya nyumba na nyumba za kile kijiji cha zamani chai ilikuwa imeshika, kijani kizuri. Pale nyumba zilipokuwa, imekufa. Kijiji chote kilikuwa kimerudi. Duara la njano, duara la njano, mstari baada ya mstari, na barabara ya katikati ambako askari walikuwa wakitembea. Mzee mmoja alivua kofia. Mwingine akanyoosha kidole, akasema taratibu, "Ile ilikuwa yetu." Hata Mutahi alikaa kwenye jiwe akashika kichwa, maana na yeye alizika watu mle.

Mama Wamae alikuwa upande ule mwingine, shambani kwake, anatungoja. Tulimwona akitembea katikati ya mistari, akihesabu kwa kidole, mpaka akafika kwenye duara moja, akaingia, akasimama ndani yake. Hakuna aliyehitaji kuuliza.

Theuri alihesabu miche iliyosimama. Haikufika hata nusu eka. Wazee wakasema pole, wakasema tena pole, na neno lao likabaki lile lile. Alipewa mwezi mmoja.

Siku ya kumhamisha nilileta Landrova mpaka mlangoni. Mizigo haikuwa mingi, sufuria, kitanda, mbuzi mmoja. Hapo ndipo Ngatia alipozungumza, amesimama uani na kofia mkononi. Alisema yote. Kijiji, kamba, vigingi, nyumba ya Wamae.

Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilijua, Ngatia."

"Ulijua?"

"Nilikuona siku ile na kamba yako, na askari nyuma yako na bunduki. Nilikuwa nimejificha kwenye migomba na mtoto mgongoni. Niliomba Mungu usikosee kupima, wasije wakakupiga." Akamshika bega. "Ulikuwa umetumwa. Sijakuhesabia hilo hata siku moja."

Ningekuwa mimi, ningeishia hapo. Ningemkumbatia dada yangu tukapanda gari. Lakini Ngatia alikuwa mtu wa kupima mpaka ukingoni, na akishaanza kusema kweli hawezi kuacha kipande.

"Na majivu nilijua," akasema. "Nilijua yataua chai."

Mkono ukatoka begani. "Ulijua lini?"

"Kabla sijapaka ramani."

"Nilipokuuliza nipande wapi?"

"Nilijua."

"Uliponikuta na karai?"

Akaitikia kwa kichwa. Nilitamani ardhi ile inimeze mimi pamoja na gari la serikali. Mama Wamae alimtazama kwa muda, si kwa hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu.

"Kile kijiji walikutuma," akasema. "Hii nani alikutuma?"

Akainua sufuria zake, akamfungua mbuzi, akashuka njia ya Othaya kwa miguu. Nilimfuata polepole na gari nikimwita, Mama Wamae, Mama Wamae, tafadhali panda. Hakugeuka. Kitanda nilikipeleka baadaye Karatina, alikopata chumba kwa mwanamke wa kanisa lake, na huko akaanza kuuza viazi sokoni.

Ngatia alifanya kazi miaka kumi zaidi. Aliomba ramani ya Kiamuturi irekebishwe, akaambiwa imeshachapwa. Basi kila mahali tulipokwenda tangu siku hiyo alikuwa akiwauliza wanawake wazee, majiko yalikuwa wapi, na kutia alama hata ya jiko moja, mpaka wakubwa wakalalamika kwamba anachelewesha kazi. Hakuoa. Kila Jumamosi ya soko nilimpeleka Karatina, nami nikabaki kwenye gari na dirisha wazi, karibu kabisa na pale dada yake alipotandaza gunia lake.

Ngatia alipanga foleni pamoja na watu wengine. Zamu yake ikifika, Mama Wamae alimjazia debe, akaongeza viazi vitatu vya juu kama alivyomwongezea kila mtu, akamfungia, akamtazama usoni na kumwambia kwa Kiswahili, yeye ambaye ndiye aliyemfundisha ndugu yake kusema Kikuyu: "Haya, kastoma. Karibu tena."